Itaendelea Jumamosi

Mshika mbili, moja humponyoka. Methali hii nimeambiwa mara nyingi tangu nilipoanza kuuza hadithi zangu kwa simu huku nikisomea shahada ya kwanza hapa Kampala. Wanaoniambia wananitakia mema. Lakini methali hiyo haisemi la kufanya pale ambapo jambo la pili ndilo linalolipia la kwanza. Nikiacha kuandika, kodi ya hosteli haitalipwa. Nikiacha kusoma, sina sababu ya kukaa hosteli. Kwa hiyo swali langu halijawahi kuwa nishike lipi. Swali ni nishike vipi yote mawili na bado nibaki mtu mwenye usingizi, marafiki na ndugu.

Kwa wasioijua kazi hii, nieleze kidogo. Ninaandika hadithi za mfululizo. Mhusika wangu mkuu ni Zuhura, mwanamke dereva wa lori anayebeba mizigo kutoka bandari ya Mombasa, akapitia Malaba, akafika Kampala na mara nyingine akaendelea hadi Kongo. Kila safari yake ni hadithi moja, na kila hadithi ina sehemu 40 zenye maneno 900 hivi kila moja. Sehemu 5 za kwanza nazitoa bure kwenye kundi la WhatsApp. Anayetaka kuendelea hulipa shilingi 2,000 za Tanzania, au kiasi kinacholingana na hizo kwa pesa za kwao, kisha huingizwa kwenye kundi la malipo. Wasomaji wangu wengi wako Mwanza, Dar es Salaam na Mombasa. Wachache wako Goma na Bukavu, na wawili ni watu wa Tanga wanaofanya kazi Muscat. Uganda ninao wa kuhesabu kwa vidole. Wengi hapa kwetu wakisikia Kiswahili bado wanakumbuka askari, ingawa ni lugha rasmi ya pili ya nchi tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005. Malipo ya Tanzania hupokelewa na binamu yangu aliyeko Mwanza, naye hunitumia yote kwa pamoja mwisho wa mwezi.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, lakini anayejichapishia hujinyoa kila siku. Mimi ndiye mtunzi, mhariri, mtengeneza jalada, mhasibu na mpokea malalamiko. Uhariri ndio unaokula muda zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kiswahili si lugha yangu ya kwanza. Nyumbani Arua tunazungumza Kilugbara. Kila sehemu naisoma upya mara mbili, kamusi ikiwa pembeni, nikikagua ngeli na kujiuliza kama dereva wa Mombasa angesema hivyo kweli. Sehemu iliyoandikwa kwa saa 2 huhaririwa kwa saa 2 nyingine. Ongeza saa 1 ya kujibu ujumbe na kuhakiki malipo. Ukitoa sehemu kila siku, hizo ni saa 35 kwa wiki, kabla hujaingia darasani hata mara moja.

Na kila siku ndiyo desturi ya soko letu. Hadithi nyingi za aina hii hutoka kila jioni, na hukatwa makusudi mahali pabaya, mlango unapogongwa au bunduki inapochomolewa, kisha linafuata neno "Itaendelea". Wasomaji wana jina la hali inayowapata hapo: arosto. Ni neno la mtaani la mateso ya mraibu aliyekosa dawa zake, nao hulitumia kwa utani. "Mtunzi, arosto itatuua, tupia hata nusu." Utani huo ni sifa, nami naupenda. Lakini kila sifa ya aina hiyo inakuja na saa ya kesho.

Hadithi mbili za kwanza nilizitoa kila siku, nazo zilinilipia muhula mzima. Katikati ya hadithi ya tatu, bibi yangu alifariki.

Bibi ndiye aliyenipa Kiswahili kabla ya shule. Aliuza samaki wakavu sokoni Arua, na wateja wake wengi walikuwa wachuuzi wasiojua Kilugbara. Kiswahili chake hakikuwa na ngeli. Kilikuwa na bei. Habari ilinifikia usiku wa Jumatano. Alfajiri niliandika kwenye kundi kwamba nimefiwa na kwamba hadithi itasimama kwa siku 5, nikapanda basi. Wengi walinipa pole. Mmoja, msomaji wa Mwanza, aliandika: "Pole sana dada, Mungu ampumzishe bibi yetu. Ila Zuhura pale Malaba wamemkamata au hawajamkamata?"

Niliusoma ujumbe huo tukivuka Nile pale Karuma. Sikukasirika. Nilicheka, na mama aliyekaa karibu nami akaniangalia. Yule mtu alikuwa amelipa pesa zake, na adabu hakukosa, maana pole ilitangulia. Lakini ujumbe wake ulinionyesha jambo ambalo sikuwa nimeliona. Aliyeajiriwa akifiwa huomba ruhusa kwa mkubwa wake, na akinyimwa ana wa kumlaumu. Mimi hapakuwa na mtu yeyote, Arua, Kampala wala Mwanza, mwenye mamlaka ya kuniruhusu kwenda kuzika isipokuwa mimi mwenyewe. Anayejichapishia ni mwajiri na mwajiriwa ndani ya mwili mmoja, na mwajiri huyo hajaandika mkataba.

Niliporudi chuoni niliitafuta Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006, nikitaka tu kujua mwajiri wa kawaida anadaiwa nini. Nilikuta kwamba mfanyakazi hatakiwi kufanyishwa kazi zaidi ya siku 6 mfululizo bila siku ya kupumzika, na kwamba saa za kawaida za kazi ni 48 kwa wiki. Ukijumlisha hadithi, vipindi na maktaba, mimi nilikuwa kwenye saa 55 na siku ya saba haikuwepo. Kilichonigusa zaidi ni kwamba siku hiyo ya mapumziko haina masharti. Mfanyakazi haambiwi apumzike ili Jumatatu azalishe zaidi. Anapumzika kwa sababu ni haki yake.

Hapo ndipo ninapotofautiana na ushauri mwingi tunaopewa sisi waandishi vijana. Tunaambiwa lala vizuri ili uandike vizuri, tembea upate mawazo, kaa na watu wakupe wahusika. Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini unayageuza maisha kuwa mbolea ya hadithi. Katika siku zile 5 za matanga sikuandika neno, wala sikukusanya mawazo. Nilichota maji, nikapika, nikalala kwenye mkeka pamoja na shangazi zangu, nikakaa na mama alipokuwa akilia. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoingia katika safari za Zuhura. Hata kama siku zile zingeiharibu hadithi yote, bado zilikuwa siku za bibi.

Historia ya hadithi za mfululizo inaniunga mkono. Charles Dickens wa Uingereza alianza kutoa The Pickwick Papers kila mwezi mwaka 1836, na kabla hajaimaliza akaanza kutoa Oliver Twist pia. Mwezi Mei 1837 shemeji yake, Mary Hogarth, alifariki ghafla akiwa na umri wa miaka 17. Dickens hakuweza kuandika, na mwezi wa Juni hadithi zote mbili hazikutoka. Mwezi uliofuata akaendelea, na anayevisoma vitabu hivyo leo haoni pengo lolote.

Kwetu Afrika Mashariki tunaye Mohammed Said Abdulla wa Zanzibar. Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu chake cha kwanza cha Bwana Msa, kilitoka mwaka 1960. Kisima cha Giningi kikaja mwaka 1968. Kisha vikafuatana vinne, kimoja kila mwaka, kuanzia 1973 hadi 1976. Darasani tunajadili akili ya Bwana Msa na mshangao wa Najum. Sijamsikia mwanafunzi akilalamikia ile miaka 8. Ni kweli kwamba hao walikuwa na wachapishaji, nami sina. Ndiyo sababu ilinibidi masharti niyaandike mwenyewe.

Kabla ya hadithi ya nne niliyaandika kwenye karatasi moja, nikaibandika ukutani juu ya kitanda, kisha nikayatangaza kwenye kundi. Kwanza, hadithi haianzi kutoka mpaka sehemu 20 ziwe zimeandikwa na kuhaririwa. Pili, sehemu hutoka Jumanne na Jumamosi tu. Tatu, ratiba nzima, pamoja na wiki za mitihani ambazo hakitatoka kitu, hutangazwa kabla mtu hajalipa. Nne, Jumapili simu ya hadithi huzimwa. Tano, ukitokea msiba au ugonjwa, hadithi itasimama na nitasema inarudi lini. Asiyeridhika atarudishiwa pesa zake.

Masharti hayo yana gharama. Hadithi iliyokuwa ikimalizika kwa siku 40 sasa inachukua wiki 20. Mapato yameshuka chini ya nusu. Karibu theluthi moja ya wasomaji waliondoka, na siwalaumu, kwa kuwa watunzi wa kila siku ni wengi. Nimehama chumba cha peke yangu nikaingia cha watu watatu, na Ijumaa jioni nawasuka wanafunzi wenzangu nywele ili kujazia. Nilichopata ni usingizi wa saa 7, alama za mwaka wa pili ambazo mama amezisoma kwa sauti sokoni, na sehemu ambazo naweza kuzirudia mara ya tatu kabla hazijatoka.

Nilipomweleza haya mwenzangu wa darasani ambaye naye huandika, alinijibu: "Hayo ni masharti ya mtu ambaye mama yake bado ana meza sokoni." Yeye anawasomesha wadogo zake wawili kwa hadithi za kila siku. Sina jibu la kumshinda. Makataa yake yamewekwa na karo, na karo haijadiliwi. Nilimshauri tu achukue lile sharti la akiba, kwa kuwa halipunguzi mapato. Akiwa na sehemu 10 mkononi, malaria ya siku tatu haitamfukuzia wasomaji. Sasa ana 6.

Kati ya waliobaki nami ni mmoja wa wale wasomaji wa Muscat, dada anayefanya kazi za nyumbani. Aliniandikia kwamba zamani sehemu za kila siku zilimlundikia, akawa anazisoma kwa kuruka akiwa amechoka. Siku yake ya mapumziko ni moja tu, Ijumaa. Sasa huzihifadhi sehemu zangu mbili za wiki, akazisoma siku hiyo taratibu, akiwa amenyoosha miguu. Ujumbe wake nimeurudia mara nyingi. Nilikuwa nikidhani wasomaji wanadai kila siku kwa sababu wao wana muda. Kumbe wengine nao wanaihesabu siku yao moja kama mimi ninavyoihesabu yangu.

Wenzangu mnaofikiria kuanza kazi hii, sitawaambia msianze. Anzeni, lakini mkataba wenu muuandike kabla ya sehemu ya kwanza, wakati hamjawa na msomaji anayewasubiri. Muuandike kama ambavyo mngetaka mwajiri mwingine amwandikie mdogo wenu.

Hadithi ya tano ya Zuhura itaanza baada ya mitihani ya muhula huu. Sehemu 20 ziko tayari na ratiba imekwisha tangazwa. Yule msomaji wa Mwanza alikuwa wa kwanza kulipa, na ameshauliza kama safari hii Zuhura atafika Bunia salama. Nimemjibu kwamba atajua Jumamosi.