Kitako cha Gobore la Babu



Likizo iliyopita, nyumbani Sikonge, nilitumia karibu wiki mbili kutengeneza kitako cha gobore. Habari hizo zilifika kigangoni kabla yangu. Baada ya ibada ya Jumapili mama mmoja wa jumuiya yetu alinisimamisha mlangoni mbele ya watu: "Frateri, kumbe huko seminarini mnafundishwa na bunduki?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini alikuwa anauliza kweli, na hakuwa peke yake, ndiyo maana naandika.

Kwa wale mnaosoma mkiwa mbali na mapori yetu, gobore ni bunduki ya kushindilia. Baruti na risasi huingizwa kwa mdomo wa mtutu na kusukumwa kwa mdeki, na mlio ni mmoja tu. Ukikosa, mnyama hakungojei ushindilie tena. La babu lilitengenezwa na mhunzi wa huku huku kwetu kabla baba yangu hajazaliwa. Lina leseni, ambayo babu huitunza katika mfuko wa nailoni pamoja na cheti chake cha ndoa. Kwa miaka mingi kazi ya gobore hilo ilikuwa kulinda mahindi na karanga dhidi ya ngiri na nyani, na mara mojamoja kuleta kanga jikoni. Sasa macho ya babu yamechoka. Gobore lilikuwa limeegemea ukuta wa chumba chake kama mgeni aliyesahau kuaga.

Leseni ya silaha ni ya mtu, si ya ukoo. Baiskeli hurithiwa, mizinga ya nyuki hurithiwa, bunduki hapana. Tangu ilipotungwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, babu amekuwa akilisema jambo hilo kila akisikia msiba wa mzee aliyekuwa na gobore: matanga yakiisha, bunduki huchomekwa darini, watoto wanasahau, na siku inapokutwa, aliyeikuta ndiye mwenye kesi. Hakutaka kutuachia urithi wa namna hiyo. Aliamua kulipeleka polisi mwenyewe, akiwa hai, kwa miguu yake.

Baba mdogo hakupenda. Alisema ngiri bado wapo, na kwamba gobore lile ndilo jina la nyumba yetu. Alipoona babu habadiliki, akashika jambo jingine: kama ni kulisalimisha, ya nini kulitengeneza? Silaha zinazosalimishwa kwa kawaida huishia kuteketezwa, na hiyo ndiyo roho ya Itifaki ya Nairobi ya 2004 ambayo nchi yetu iliisaini pamoja na majirani. "Mnapaka mafuta kuni," alisema. Babu alimjibu kwa maneno machache: "Nililipata zima. Nitalirudisha zima."

Kitako kilikuwa kimepasuka. Babu alipita kwanza kituoni kueleza nia yake, akaambiwa mbao aishughulikie, chuma asikiguse. Kwa hiyo mtutu na mtambo alivifungia sandukuni, ufunguo akauvaa shingoni, nami nikakabidhiwa mbao tupu.

Ufa ulianzia nyuma ya mahali pa mtambo, ukashuka kwa mshazari hadi shingoni, pale mkono wa kulia unaposhika. Hapo ndipo padhaifu katika kila kitako. Fundi mwenye subira hutafuta gogo lenye pindo la asili, ili nyuzi za mbao zipinde pamoja na shingo. Mhunzi wetu alikata ubao wa mninga ulionyooka, kwa hiyo shingoni nyuzi zimekatika fupifupi, na kila mshtuko wa baruti ulizifungua kidogo. Miaka ya nyuma mtu alikuwa amepigilia msumari na kuzungushia waya. Msumari uliota kutu, kutu ikaila mbao pande zote, na ufa ukaongezeka.

Kilichotusumbua zaidi lakini hakikuwa ufa, bali mafuta. Miaka yote babu alikuwa akiupaka mtambo mafuta ili usishike kutu, na mbao ilikuwa imeyanywa hadi ndani, na gundi haishiki mbao iliyolewa mafuta. Fundi seremala mmoja wa mjini, mzee wa kanisa la Moravian, alinifundisha dawa yake bila kunidai hata soda: unga wa chaki ukorogwe na spiriti uwe uji mzito, upakwe penye ufa, kisha kitako kilazwe juu ya bati juani. Jioni chaki ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Niliikwangua, nikapaka nyingine. Siku ya nne ndipo ilipobaki nyeupe.

Hapo kazi ikawa nyepesi. Gundi tuliisukuma ndani ya ufa kwa kupitisha uzi mbele na nyuma kama mtu anayesafisha meno, tukakaza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, tukaacha siku mbili. Kisha nikatoboa kwa upana wa shingo na kupigilia kijiti cha mpingo kilichopakwa gundi, mahali ulipokuwa ule msumari. Kisigino cha kitako kilikuwa kimemeguka, nikakiunga kwa kipande cha mninga kilichotoka kwenye mguu wa kitanda cha zamani cha bibi. Mibonyeo niliiinua kwa kitambaa kibichi na pasi ya mkaa: mvuke huingia katika nyuzi zilizolala, nazo zikavimba na kusimama tena. Pasi ilikuwa ya bibi, na maoni yake kuhusu matumizi hayo sitayaandika katika jarida la seminari.

Halafu msasa: namba 80, kisha 120, kisha 240, daima kwa kufuata nyuzi. Vumbi la mninga huwasha pua, kwa hiyo nilifunga leso usoni, na kila aliyepita uani akaniuliza naficha sura kwa nini. Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda akinitazama. Mara moja tu alinyanyua fimbo kunizuia. Ubavuni mwa kitako kuna mahali palipokuwa peusi na laini kama jiwe la mtoni, ambapo shavu lake lilikaa kila alipolenga, kwa zaidi ya miaka arobaini. "Hapo usipitishe msasa, Padri." Ananiita Padri tangu nilipoingia seminari ndogo, hata nikimwambia bado. Nilipazunguka.

Mwisho tulipaka nta. Wilaya yetu ni ya nyuki, nta haitafutwi mbali. Tuliiyeyusha na mafuta kidogo ya alizeti, tukapaka ikiwa vuguvugu, tukasugua kwa kipande cha blanketi. Mninga ukiupaka nta unarudisha ule wekundu wa siku ulipokatwa, mti ulipotoa utomvu wake unaofanana na damu.

Katika Fizikia, kitabu cha pili, Aristotle anataja hoja ya Antifoni: ukizika kitanda ardhini, na mbao ikioza ikapata nguvu ya kuchipua, kitakachochipua si kitanda bali ni mti. Antifoni alitaka kuonyesha kwamba mbao ndiyo asili ya kitu, na umbo la kitanda limebandikwa tu na fundi. Darasani hoja hiyo niliipita haraka. Nyumbani, nikiwa na kipande cha mguu wa kitanda mkononi nikikifanya kisigino cha bunduki, niliiona upya. Mninga haukuchagua kuwa kitanda wala kuwa bunduki. Lengo lilitoka kwetu.

Na hapo ndipo swali la baba mdogo lilipo na uzito wake. Kama kila chombo hujulikana kwa lengo lake, kitako cha bunduki ambayo haitalia tena kina lengo gani? Nilijibiwa na Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika sehemu anapozungumzia fadhila za akili. Anasema fundi, kwa kuwa ni fundi, hasifiwi kwa nia aliyo nayo anapofanya kazi, bali kwa ubora wa kazi yenyewe. Lakini anaongeza kwamba ili mtu auitumie ufundi wake vema anahitaji utashi ulionyooshwa na fadhila nyingine, na mfano anaoutoa ni haki, inayomwelekeza fundi kufanya kazi yake kwa uaminifu. Babu hajawahi kumsoma Thoma. Alichokisema tu ni kwamba kitu kinarudishwa kizima. Kwake gobore lilikuwa amana: aliruhusiwa kukaa nalo, na ruhusa imekwisha. Moto utakaolipata baadaye ni shauri la serikali. Hali litakayofika nayo mezani ni shauri lake.

Namrudia mama wa kigangoni. Sheria za Kanisa za mwaka 1917, kanuni ya 138, ziliwakataza makleri kubeba silaha isipokuwa kwa sababu ya haki ya kuhofia, na uwindaji wa makelele ziliukataza kabisa. Sheria za 1983 hazitaji silaha mahali hapo; kanuni ya 285 inasema kwa ujumla makleri waepuke yasiyolingana na hali yao. Mimi bado si kleri, na mbao si silaha, lakini sitaki kujificha nyuma ya vifungu. Historia ya Kanisa letu huku na bunduki ni ndefu kuliko likizo yangu.

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji ilipitisha pembe, watumwa na bunduki. Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga himaya yake kwa bunduki na rugaruga. Isike wa Unyanyembe, alipozidiwa na Wajerumani mwaka 1893, alijilipua pamoja na ghala lake la baruti. Wamisionari wa Afrika walipita katika njia hiyohiyo, na huko Ziwa Tanganyika walikuwa na Kapteni Léopold Joubert, aliyewahi kuwa askari wa Papa, akilinda kwa bunduki vijiji vya misioni dhidi ya wakamata watumwa. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, ndiye aliyezunguka Ulaya mwaka 1888 akihubiri dhidi ya utumwa. Vuguvugu hilo lilichangia kuzaa Mkutano wa Brussels, na mkataba wake wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingia katika sehemu kubwa ya Afrika, huku ukiacha mlango kwa zile za zamani za gumegume. Ulizuia silaha za wakamata watumwa, ndiyo. Uliwazuia pia watemi waliokuwa wakipambana na wakoloni. Naona yote mawili ni kweli, na sipendi tunapofundisha moja tu. Mzee wa Sikonge anayelinda mahindi kwa bunduki ya kushindilia yumo, kwa sehemu, ndani ya historia hiyo.

Tunapenda sana kuhubiri utabiri wa Isaya wa panga kufuliwa kuwa majembe. Ni wachache wanaokumbuka kwamba nabii Yoeli anawaita watu wafanye kinyume chake. Wote wawili wanasema juu ya chuma. Mpini hakuna anayeutaja.

Siku ya kulipeleka, babu alifungua sanduku, akaunganisha vipande mwenyewe, akapitisha mdeki mbele yetu wote tuone kwamba mtutu ni mtupu. Akavaa koti lake la Pasaka. Baba mdogo alikuja pia, bila kuombwa, na njia nzima hakusema neno. Kituoni alitupokea askari kijana, rika langu. Aliipokea leseni, akalinganisha namba, kisha akapitisha kidole gumba shingoni mwa kitako, taratibu, akitafuta ufa alioambiwa habari zake.

"Nani fundi, mzee?"

"Mjukuu wangu huyu. Anasomea upadri."

Askari akanitazama, akafungua daftari, akaandika: gobore moja. Babu hakusogea mezani.

"Andika na hali yake," akasema.

Yule kijana akainama tena, akaandika: zima.