Faraja ya Masasi

Sisi tukaao Likombe, taabu ikitupata, upesi twasema, "Mungu ametuacha." Na tukumbuke jirani zetu wa Masasi.

Mwaka 1876 Askofu Steere alitoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani, wakashuka Lindi, wakaenda kwa miguu hata Masasi, wakajenga kijiji. Mwaka 1882, mwezi wa Agosti, Askofu akafariki Unguja. Mwezi uliofuata Magwangwara, ndio Wangoni, wakakipiga kijiji: nyumba zikateketea, wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Watu waliokwisha kuonja uhuru wakafungwa tena!

Padre Porter, mgeni aliyetoka Uingereza, angaliweza kurudi kwao. Lakini aliifuata njia ya mateka hata nchi ya Wangoni, apate kuwakomboa. Hakuwapata wote. Wengi wa waliosalia wakahamia Newala. Baadaye kazi ya Masasi ikaanzishwa tena, na kanisa lipo hata leo.

Basi faraja ya Mkristo si kuepushwa na taabu. Ni kutoachwa peke yake ndani yake. Ndugu zetu, mwenzetu akichukuliwa na huzuni, tusikae mlangoni tukingoja arudi. Tumfuate.