Mume Wangu, Kiti cha Kati na Kura ya Mkataba

Ukimwambia mtu umeolewa na rubani, swali la kwanza ni tiketi za bure. La pili, mashosti wakichekacheka, ni wale wahudumu warembo wa ndani ya ndege. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mume wangu hukaa kiti gani akisafirishwa kikazi. Kumbe ndicho kilichotununisha wiki tatu nzima mwaka 2023.

Tunaishi Marekani, mimi mtu wa Tanga, mwenzangu wa Moshi. Yeye ni rubani msaidizi kwenye kampuni ambayo sitaitaja. Mwaka ule chama chao na mwajiri walifikia rasimu ya mkataba mpya, ikabaki wanachama wapige kura. Nyongeza ya mshahara ilikuwa ya maana. Mimi tayari nilishaanza hesabu: nyumba yetu ya Tanga imekwama kwenye linta, na ada ya Nasra ndiyo hiyo inakuja. Nikaona imekwisha hiyo. Jioni namkuta Baba Nasra kakunja uso, amekwama kwenye kifungu cha viti.

Hebu nikueleze, maana hata mimi ilinichukua muda kuelewa. Kuna siku rubani yuko Denver, ndege anayotakiwa kuirusha iko Boston. Kampuni inampandisha kama abiria, na sare zake, akaifuate. Hiyo ni kazi, si matembezi. Kanuni za usalama wa anga za Marekani, zilizoanza kutumika Januari 2014, zinasema wazi kwamba muda huo ni wa kazi na si wa mapumziko. Tena kwa safari ndefu ambazo marubani wanapokezana, kanuni hizohizo zinapanga sehemu za kupumzikia kwa madaraja matatu: kitanda, kiti kinacholala bapa au karibu na bapa, kikiwa nyuma ya pazia, na kiti kinachoegemea nyuzi 40 au zaidi, chenye pa kuwekea miguu. Lakini yule anayesafirishwa kama abiria? Kiti chake ni maelewano ya mkataba.

Kanuni hizo hazikuja hivihivi. Februari 12, 2009 ndege ndogo ya abiria ilianguka karibu na Buffalo, watu 50 wakafa. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kwenda kituo chake cha kazi Newark. Wachunguzi walisema chanzo ni namna kapteni alivyoitikia vibaya onyo la ndege. Uchovu nao waliutaja, kwamba yaelekea uliwapunguzia marubani uwezo, ingawa hawakuweza kupima kwa kiasi gani.

Basi Jumamosi moja wenzake watatu wakaja kwetu, nikapika pilau, mjadala ukaanza. Mzee wao, kapteni wa siku nyingi, akasema, "Kiti cha kati nimekaa miaka ishirini na bado nipo. Chukueni hela, vijana." Rahisi kwake, maana kwenye kazi ile ukongwe ndio kila kitu, na yeye habanwi tena. Kijana mmoja akajibu kwamba kiti cha daraja la kwanza kampuni inakiuza. Wakikupa wewe, watakikata mahali pengine, na mahali penyewe ni mshahara wako. Baba Nasra akaisoma rasimu kwa sauti. Ilisema rubani atapewa daraja la kwanza "kama kipo". Akaweka karatasi chini. "Kama kipo, maana yake hakipo. Mimi sitaki anasa. Waandike tu kwamba kiti cha kati hapana. Dirishani au ujiani, basi."

Wageni walipoondoka, nikamvaa. "Baba Nasra, nyumba tuiache mvua inyeshee kwa ajili ya kiti?"

Akanijibu taratibu, "Mama Nasra, siku nikitoka kubanwa saa tano, halafu nikarusha ndege usiku, hapa anafika nani?"

Nilikuwa na jibu la kumpa, ila nilijua anachosema. Mwezi ule alirudi hivyo mara nne. Mara nne Nasra alinyata nyumba nzima kama mwizi, na mimi nikala peke yangu.

Upande wa pili nao haukuwa mchezo. Marekani, mashirika ya ndege yako chini ya sheria ya kazi ya reli ya mwaka 1926, waliyoingizwa mwaka 1936. Kwa sheria hiyo mkataba haufi tarehe ikifika. Unaendelea uleule mpaka upatikane mwingine. Ukikataa rasimu, unabaki na mshahara wa zamani, na hujui kwa muda gani. Marubani wa United walikataa yao Novemba 2022 kwa asilimia 94, wakapata nyingine waliyoipitisha Septemba 2023 kwa asilimia 82. Wao ilichukua zaidi ya miezi kumi. Nani atakuhakikishia na wewe itakuwa hivyo?

Msimamo wangu nilimwambia bila kuficha: kura ni yake, mshahara ni wa nyumba, na mwili uliochoka nao ni wa nyumba. Tukazungumza mpaka usiku wa manane. Akapiga kura ya ndiyo, na rasimu ikapita. Sisi tukaandika kifungu chetu wenyewe, tukakibandika kwenye friji: siku ya kiti cha kati hakuna wageni wala kutumwa dukani, kesho yake simu inazimwa mpaka mchana, siku ni yetu watatu.

Nyumba ya Tanga imeezekwa. "Kama kipo" bado imo mkatabani, na mwezi uliopita alikaa katikati mara mbili. Mkataba ukifunguliwa tena, ameshasema safari hii kura yake ni hapana, na mimi sijamwambia asifanye hivyo.

Wewe ambaye mwenzako ni nesi, dereva wa masafa au afisa wa benki, siku akileta mkataba nyumbani msiishie ukurasa wa mshahara. Kaeni msome na zile kurasa za zamu, likizo na usafiri, kisha muulizane: tukisaini hivi, jioni atarudi nani?