Safari Yetu ya Chicago, na Habari za Mtunzi wa Nyimbo

Wengi wametuuliza habari za safari yetu ya Marekani, maana walisikia ya kuwa sisi wawili, mzee na mama wa nyumba, tulikwenda kumtazama binti yetu asomaye huko. Basi tumeona heri kuiandika, ili kila nyumba isome. Hatutaeleza habari za majumba marefu wala za baridi. Hayo mmekwisha kuyasikia. Tutaeleza habari za kuta zisizo na paa, na za mtu aliyeimbisha ndani yake.

Lakini kwanza hatuna budi kuungama jambo. Kabla ya kuondoka kulikuwa na neno katika usharika wetu. Kijana mmoja, mtunzi wa nyimbo, amepanga chumba kidogo na kutundika mablanketi ukutani ili sauti isirudi. Humo hunasa sauti za kwaya, akazipanga na kuzisafisha hata wimbo uwe tayari kusikiwa na watu. Kwaya yetu ilikwenda kwake siku nne. Wimbo ulikuwa wake, na kinanda chake, na umeme aliulipa yeye. Alipoleta hesabu, sisi wazee tulichukizwa. Tukamwambia, "Mwanetu, ya Bwana hayauzwi." Akatutazama, asijibu neno, akaenda zake. Nasi tulio washika sanduku la fedha tulijiona tumelinda mali ya Mungu. Kwa moyo huo tukasafiri.

Hata siku moja huko Chicago, binti yetu akatuambia, "Baba, Mama, ninyi ni watu wa kwaya. Kesho nitawapeleka mahali zilipolelewa nyimbo za Injili." Asubuhi tukapanda treni ya umeme ipitayo juu ya nguzo za chuma, tukaelekea kusini, tukashuka kituo cha barabara ya 35. Mtaa ule huitwa Bronzeville. Ni mtaa wa watu weusi tangu zamani, ambao baba zao walitoka mashamba ya kusini wakikimbia dhuluma na kutafuta kazi. Mwaka 1910 watu weusi wa Chicago walikuwa 44,000 hivi; mwaka 1930 walikuwa 234,000 hivi. Mahali pengine katika mtaa huo, kando ya barabara iitwayo kwa jina la Martin Luther King, imesimama sanamu ya shaba ya msafiri mwenye sanduku lililofungwa kamba. Ukikaribia utaona ya kuwa suti yake yote imefanywa kwa mfano wa nyayo za viatu vilivyochakaa. Mama wa nyumba aliitazama sana, akasema, "Huyu ametembea."

Kutoka kituoni tulikwenda kwa miguu hata pembe ya Indiana Avenue na barabara ya 33. Hapo ndipo tulipoziona zile kuta. Ni za mawe, nene, zimetegemezwa kwa vyuma, na juu yake ni mbingu tupu. Hili lilikuwa kanisa la Pilgrim Baptist. Nyumba yenyewe ilijengwa mwaka 1890 na 1891 iwe sinagogi la Wayahudi, nao walioichora walikuwa Dankmar Adler na Louis Sullivan, mafundi wenye sifa kuu. Baadaye, miaka ya 1920, Wakristo weusi wakawa wenyewe. Tarehe 6 Januari 2006 mafundi walikuwa wakitengeneza paa, moto ukashika, na nyumba ikateketea ikabaki mawe. Agosti 2020 dhoruba ikaangusha sehemu ya kuta hizo. Wapo wanaokusudia kujenga hapo nyumba ya kumbukumbu ya nyimbo za Injili.

Katika nyumba hii aliongoza kwaya, kwa miaka zaidi ya 40, mtu aliyeitwa Thomas A. Dorsey. Alizaliwa mwaka 1899 katika mji mdogo wa Villa Rica, jimbo la Georgia. Baba yake alikuwa mhubiri, na mama yake alipiga kinanda kanisani. Lakini kijana alipokua alivutwa na nyimbo za dunia ziitwazo bluzi, akawa mpiga piano wa Ma Rainey, mwimbaji mashuhuri wa siku zile. Mwaka 1928 santuri moja aliyoitengeneza na mwenzake iliuzwa sana, ikamletea fedha. Naye siku zile zile alikuwa akitunga nyimbo za kanisa. Moyo wake ulikuwa kama mtu asimamaye na mguu mmoja mtumbwini na mguu mmoja pwani.

Wasomaji, msidhani ya kuwa kanisa lilimpokea kwa vigelegele. Mwaka 1926 alitunga wimbo wa Injili, akakopa fedha, akapeleka nakala 500 kwa posta makanisani. Miaka ikapita kabla ya mtu kumwandikia kutaka hata moja. Alikwenda mwenyewe kanisa hata kanisa, na mara nyingi alifukuzwa, kwa kuwa wachungaji walisikia mapigo ya dansi katika piano yake. Ndipo mwaka 1930, mkutano mkuu wa Wabaptisti weusi ulipokutana Chicago, wimbo ule ukaimbwa mbele ya watu, wakaupenda, na nakala zikauzwa kwa maelfu. Tazameni: wimbo ni ule ule uliokuwa umelala miaka minne.

Tulipokwisha kuzizunguka kuta zile, tukaenda kusini mwendo wa maili moja na nusu hata kanisa la Ebenezer, ambalo nalo lilikuwa sinagogi, nalo ni kazi ya yule Adler. Huko, kabla ya kuitwa Pilgrim, Dorsey na rafiki yake Theodore Frye walianzisha kwaya ya nyimbo za Injili. Tulisimama mlangoni, na binti yetu akatusimulia habari ya mwaka 1932.

Mwezi wa Agosti mwaka ule Dorsey alikwenda St. Louis kuimba katika mikutano ya uamsho. Mkewe, Nettie, alikuwa karibu kujifungua, akabaki nyumbani. Dorsey alipokuwa mkutanoni akaletewa simu ya maandishi: mkewe amefariki katika kujifungua. Alirudi mbio, akamkuta mtoto wa kiume yu hai. Lakini muda si muda na mtoto akafa. Wakazikwa pamoja katika jeneza moja. Dorsey mwenyewe alisimulia baadaye jinsi alivyoona ya kuwa Mungu amemtendea isivyo haki, asitake tena kumtungia wimbo, bali kuzirudia zile bluzi.

Siku chache zikapita. Frye akaja akamchukua, akampeleka katika chuo kimoja cha mtaa ule, wakakaa katika chumba chenye piano. Dorsey akaweka vidole juu ya sauti ya zamani, iliyotungwa na George N. Allen mwaka 1844, akaipiga polepole, na maneno yakaanza kumjia. Katika maneno yale alimwita Bwana kwa neno lenye maana ya "mbarikiwa". Frye akamwambia la, mwite Bwana "wa thamani". Akalibadili. Hivyo ukazaliwa wimbo uitwao "Precious Lord, Take My Hand". Jumapili iliyofuata wakauimba Ebenezer, Frye akiimba na Dorsey akipiga piano, na watu wakainuka wakilia.

Wimbo huu umekwenda mbali kuliko mtunzi wake. Tarehe 4 Aprili 1968, mjini Memphis, Martin Luther King alimwomba mpiga ala Ben Branch aupige jioni ile mkutanoni. Dakika chache baadaye akapigwa risasi. Siku ya mazishi yake Mahalia Jackson akauimba. Dorsey aliishi hata mwaka 1993.

Hapo mama wa nyumba akauliza swali ambalo sisi mzee hatukulipenda: "Na huyu mtu alikula nini?" Binti yetu akacheka, akatueleza. Siku zile watunzi wengi waliuza wimbo kwa wenye mitambo ya kuchapa, wakapewa fedha kidogo, na faida ikawa ya wengine. Dorsey akafungua nyumba yake mwenyewe ya kuuza nyimbo. Lakini hakuwa mtu wa hesabu. Fedha zilikuja na kupotea. Ndipo akaja mama mmoja mwimbaji, Sallie Martin, akaanza kuandika kila senti iingiayo na itokayo, akasafiri mji hata mji akiimba na kuuza nakala na kufundisha kwaya. Kazi ile ikasimama. Mwaka 1940 mama huyu akaondoka, naye pamoja na Kenneth Morris wakaanzisha nyumba yao ya kuchapa nyimbo.

Tukarudi kituoni tumenyamaza. Ndani ya treni tukahesabu. Tulihesabu nakala 500 zilizokopewa fedha, na miaka ya kungoja. Chumba na piano, na rafiki mwenye sikio la kuchagua neno. Na mama mwenye daftari. Tukaona ya kuwa wimbo tuuimbao bure una mtu aliyeulipia. Injili haiuzwi, ni kweli. Lakini mchapaji wa vitabu vya Injili hulipwa, na seremala wa mabenchi ya kanisa hulipwa, wala hatujapata kumwambia seremala ya kuwa ya Bwana hayauzwi. Kwa nini tulimwambia mtunzi?

Tuliporudi nyumbani, siku ya tatu tulimwendea yule kijana. Alitupokea kwa heshima, akatuletea viti na maji. Tukamwambia, "Mwanetu, tulikukosea. Tumekuja kuomba radhi, na hesabu yako tumeileta." Akainama kidogo, akasema, "Asanteni, Baba na Mama. Nimekwisha kuwasamehe zamani." Tukatazama chumbani. Mablanketi yalikuwa yangali ukutani, lakini mahali pa kinanda palikuwa patupu. Alikuwa amekiuza ili alipe kodi ya chumba. Zile fedha tulizoleta hazikutosha kukirudisha.

Basi, ndugu zetu, na hasa ninyi walimu mlio na kwaya shuleni na kanisani, tunawaandikia haya ili msiingie kosa letu. Mtunzi akikuletea wimbo mpya wenye mapigo usiyoyazoea, usimfukuze siku ile ile. Sikiliza maneno yake kwanza, ukapime kama ni ya kweli na yajenga. Akiwa na msiba, usimwache peke yake. Mwendee kama Frye. Akiwa hajui hesabu, mtafutieni mwenye daftari. Nayo kwaya iendapo kunasa sauti, wazee wapatane na mwenye chumba mapema juu ya malipo, na neno hilo liandikwe, ili pasiwe na manung'uniko baadaye.

Usharika wetu sasa unachanga kidogo kidogo kwa ajili ya kinanda. Kijana yule anafundisha kwaya kila Alhamisi jioni kwa kutumia mikono na mdomo tu, nao wanaimba vema. Sisi hukaa nyuma tukisikiliza, na mara nyingine tunazikumbuka zile kuta za mawe zilizo wazi kwa mvua.

Salamu kwa nyumba zenu zote. Bwana awe nanyi.