Nyar Kanye?

Migori, Ijumaa

Kabla basi halijafika Migori nilikuwa nimeshaulizwa mara mbili kwetu ni wapi. Aliyeuliza ni mzee tuliyekaa naye tangu Isebania, mtu mstaarabu, kofia yake ameipakata kama mtoto. Nikamjibu Mombasa. "Sawa, lakini kwenu hasa?" Nikamwambia baba yangu alizaliwa Homa Bay. Akanitazama, akatazama mahindi nje ya dirisha, akanirudia. "Basi wewe ni wa huku," akasema, kwa sauti ya mtu anayepokea bei isiyomridhisha kwa kuwa gari linataka kuondoka.

Naandika haya hotelini, mbele ya chai ya maziwa na chapati mbili. Daftari nimelipiga mstari katikati: kushoto Migori, kulia Homa Bay. Nilikuwa Mwanza kumwona shangazi, na badala ya kurudi Mombasa kwa ndege nimeamua kupanda na barabara hii hadi mji ambako Ba, mama yake baba, alisimama nyuma ya kaunta miaka 31. Migori hatukuwahi kuwa na duka. Nimeshuka kwa sababu nataka kulinganisha mji nisio na deni nao na mji nisiojua kama ni wangu.

Migori haina habari na ukoo wangu. Kijana wa boda aliyenileta hapa aliona bangili tu. "Mama, hiyo ni gramu ngapi?" Swali la haki, maana kaunti hii ina dhahabu. Mgodi wa Macalder ulifungwa miaka ya 1960, ila wachimbaji wadogo hawakufunga chochote: bado wanasaga mawe, wanakamata chembe kwa zebaki, na jioni vijimizani vinatoka mifukoni mwa wanunuzi. Kijana akaniambia binamu yake ana kitu kizuri, na kwamba Wahindi ndio wajuao bei. Nikamwambia mimi ni mwalimu wa hesabu. "Basi hutapunjwa," akajibu.

Sikuchukia. Huu ni mji wa barabara kuu, wa Wajaluo, Wakuria, Wakisii, Waluhya, Wasomali na madereva wa malori wasiolala mahali pamoja usiku mbili. Mbunge wa Suna Mashariki tangu 2013, Junet Mohamed, ni Msomali, na niliyemtajia jambo hilo hapa hotelini alinishangaa mimi, si mbunge. Migori inakuuliza unauza au unanunua, na ukishajibu inakusogezea kiti.

Mchana niliingia duka la vifaa vya ujenzi kukwepa jua. Kwenye kaunta alikuwepo mwanamke kijana, kurta ya kijani juu ya jinzi, anahesabu kufuli kwa mteja: achiel, ariyo, adek, ang'wen, abich. Kijaluo chake kinaishia kwenye hesabu. Ana miaka miwili tangu atoke Gujarat. Mume ni mhasibu wa hapo dukani. Nikamsalimu kwa Kigujarati, akafurahi hadi akaniletea stuli. Tukazungumza mapishi. Nikamweleza kwamba nyumbani kwetu tulichemsha dal kwenye sufuria, tukafagia kwa fagio, na jioni tukala mogo na jugu.

Akakunja uso. Sufuria? Fagio? Mogo?

Nimefika umri huu nikiamini kwamba hayo ni maneno ya Kigujarati. Ba aliyatamka kwa lafudhi ileile aliyosomea sala, na mimi sikuwahi kuyatilia shaka, ingawa Kiswahili ndicho ninachoota nacho. Muhogo umekuwa mogo, njugu imekuwa jugu, na jamaa zetu waliohamia Uingereza wamekwenda nayo: mogo iko kwenye orodha ya vyakula mikahawani London, na wateja wanaila bila kujua kwamba wanatafuna neno la Kiswahili lililonyolewa. Yule dada alinicheka vizuri, bila ubaya. Kwa masikio yake mimi nazungumza kama bibi wa shamba aliyepotea njia. Nikawaza, huyu ni Mhindi wa India. Mimi je?

Nikamuuliza yeye kwake ni wapi. Hakutaja mji. Alisema piyar, yaani nyumbani kwa baba, pale bibi harusi anapotoka akilia. Kibali cha kazi ni cha mume. Pasi yake yeye imegongwa muhuri wa mtegemezi. Kila usiku humpigia mama yake kwa video, na mama huomba aonyeshwe mvua tu.

Barabarani, Jumamosi

Awendo, malori ya miwa. Rongo, nimehamia Probox yenye watu tisa na kuku mmoja. Rodi Kopany, kuku kashuka.

Humo ndani, goti langu likiwa kwenye mbavu za jirani, nimefikiria makaratasi. Babu na kaka yake walikuwa washirika. Uhuru ulipokuja 1963, watu wa aina yetu walipewa miaka miwili, hadi Desemba 1965, kujiandikisha uraia. Babu akajiandikisha, kaka yake akabaki na pasi ya Uingereza, na leseni ya duka ilikuwa kwa jina lake. Sheria ya leseni za biashara ya 1967 ikamzuia asiye raia kufanya biashara nje ya maeneo yaliyotajwa. Mjomba mkubwa, kama tulivyomwita, alipanda ndege Februari 1968, wakati Waingereza wanaharakisha sheria ya kuwafungia mlango hata wenye pasi zao. Ilianza kufanya kazi Machi 1. Akafika Leicester na sanduku moja. Babu akahangaika mwaka mzima kisha akashuka Mombasa na familia, 1969.

Nimeyasoma yote tuliyonayo, risiti, barua, cheti cha uraia. Ba yumo mara nne, na mara zote nne ni "mke wake". Uraia wake uliandikishwa kwa mgongo wa mume, kama mzigo uliolipiwa nauli. Bango la duka lilikuwa na jina la babu wa babu "na Wana". Nani aliweka bango la fulani na Mabinti?

Julai 2017, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, serikali ikatutangaza kabila la 44 la Kenya. (Wamakonde walitutangulia kwa namba moja, na wao walitembea kwa miguu kwenda kudai.) Shangazi zangu waligawana pipi. Sensa ya 2019 ikatuhesabu, Waasia raia, 47,000 na ushei, ambao wangeenea uwanjani Kasarani na viti vikabaki. Mimi nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu muuza mitumba akaniuliza kwetu hasa ni wapi.

Homa Bay, Jumamosi jioni

Kilima cha Asego kinasimama juu ya mji kama kofia ya mzee wa jana. Chini ni gati, halafu ziwa, leo rangi ya chai. Ba alishukia hapo 1938, na miaka 17: meli kutoka Bombay hadi Mombasa, treni hadi Kisumu, kisha meli ya ziwani kupitia Kendu. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, na maduka ya Wahindi yakaifuata kama sisimizi wanavyofuata mstari wa sukari, wakinunua ngozi, simsim, njugu na pamba, wakiuza kaniki, chumvi na mafuta ya taa.

Nina picha ya 1951, mbele ya duka. Nimetembea nayo barabara nzima. Maduka matatu yana baraza ileile, nguzo zilezile, mabati yaleyale. Juu ya moja mwaka ulichorwa kwa saruji. Zimebaki tarakimu 1 na 9. Ndani wanauza mbegu na dawa za mifugo, na msichana wa M-Pesa akaitazama picha kwa huruma. "Mama, nenda kawaulize wenye samaki. Wale wamekaa."

Nikaenda kwa wenye samaki. Omena imeanikwa juu ya nyavu, inang'aa kama vipande vya bati. Akina mama wakanielekeza kwa mkubwa wao, aliyeketi kwenye mtungi wa plastiki uliopinduliwa, leso mbili, miwani yenye mkono mmoja. Umri wake alinitajia kwa tukio nisilolijua. Akanikagua kutoka viatu hadi nywele na kuuliza swali ambalo Migori nzima haikuniuliza:

"In nyar kanye?"

Wewe ni binti wa wapi. Mwanamke wa Kijaluo akiolewa haitwi kwa mahali alipoolewa. Huitwa kwa alikotoka. Nyar Alego, nyar Kano, nyar Gem. Atazaa hapo, atazika hapo, miaka hamsini, na bado ni nyar Alego. Nilikuwa nalijua hilo kwa kusoma. Sikuwahi kulisikia likinielekea mimi. Yule dada wa Migori angejibu papo hapo, maana piyar yake ina jina. Ba naye angeweza kujibu. Kumbe hapa kila mke ni mgeni kwa desturi, na ugeni wake una jina la heshima. Lakini Ba hakuitwa nyar mahali popote. Walimwita chi Jahindi, mke wa Mhindi, na hakuna aliyeuliza zaidi, na nadhani wala yeye hakuwapa nafasi.

Nikampa picha mama yule. Akaisogeza hadi puani.

"Walikuwa wengi hawa," akasema. "Nyumba tano, sita. Walipima kitambaa kwa mkono, na mkono wao ulikuwa mfupi." Wenzake wakaangua kicheko. Kisha akasema, bila kubadili sauti, kwamba kulikuwa na mmoja aliyewapa maji wakiwa watoto wametoka gatini na mizigo. "Kikombe cha bati. Kimefungwa kamba, kinaning'inia nje kwenye msumari. Cha ndani hatukugusa."

Nikakaa chini, palepale kwenye magamba ya samaki.

Kikombe hicho nakijua. Jikoni kwetu Mombasa kilikuwepo kimoja, cha bati, mdomo umepondeka, juu ya dirisha peke yake. Walikinywea dada wa kufua na fundi wa bomba. Ba alikiosha mwenyewe, mwisho kabisa, baada ya vyombo vyote. Najua nyumba nyingi za Kihindi zilikuwa na kikombe kama hicho, na kwamba hakithibitishi lolote. Lakini nilikuja kutafuta alama ya Ba katika mji huu, na alama niliyopewa ni hiyo.

Sitaki kumsafisha. Oginga Odinga alianzisha shirika la biashara la Wajaluo mwaka 1947, na sababu mojawapo ni kaunta kama zetu, ambako Mwafrika alikuwa mteja au mpagazi, basi. Ninachoweza kusema ni kwamba mtu anaweza kuwa amefungiwa nje ya kila karatasi ya nyumba yake na bado akawafungia wengine nje kwa kamba na msumari. Ba alifanya yote mawili, pengine asubuhi moja.

Mama akauliza kaburi lake liko wapi. Huku kaburi ndilo linalosema. Kenya nzima ilifundishwa hivyo 1987, baada ya wakili S. M. Otieno kufariki Desemba 1986: mjane wake, Wambui, Mkikuyu, alitaka kumzika kwao karibu na Nairobi, ukoo wa Umira Kager ukaenda mahakamani, ukashinda, akazikwa Nyalgunga, Siaya. Sisi tunachoma. Ba alifariki Mombasa 1989, na baba akayaleta majivu yake kwa basi, kwenye lota ya shaba iliyofungwa kwa leso, akayamimina hapa gatini. Nikaonyesha ziwa kwa kidole.

"Majini?" Akafikiri. "Basi tumemla na samaki."

Wenzake walinyamaza. Mimi nilicheka hadi machozi, na yeye akacheka, kisha akaniuzia ngege wawili kwa bei ambayo hata mimi, mgeni, nilijua imezidi. Nikalipa bila kubishana. Hotelini waliwakaanga, wakawaleta na ugali na kachumbari, neno letu lingine hilo.

Kendu, Jumapili

Nimepita haraka. Msikiti wa zamani, maduka ya zamani. Waislamu wa Kihindi wanazika, kwa hiyo hapa wana pa kuonyesha kidole kwenye udongo. Nimewaonea wivu kidogo.

Daftari limeshindwa kulinganisha. Upande wa Migori una kurasa mbili safi. Wa Homa Bay umevuka mstari. Ningeambiwa nichague pa kuishi, ningechagua Migori kesho asubuhi, na kile kiti chake. Ila Homa Bay ndiyo iliyonikumbuka, na haikunikumbuka kwa wema.

Jana usiku niligeuza ile picha ya 1951. Nyuma kuna mwandiko wa babu: jina lake, jina la kaka yake, jina la karani, hata idadi ya marobota ya kaniki yaliyopangwa barazani. Mwanamke aliyesimama mlangoni, nusu kivulini, hakutajwa. Nimeliandika jina lake. Nawe msomaji, kama kwenu kuna picha za namna hiyo, zigeuze leo, angali yupo wa kuulizwa, uandike walio pembeni. Tumia penseli, wino hupenya.