Ile kompyuta kubwa, mliinunua?

Wengi mmekuwa mkiniuliza, wengine kwa simu, wengine mkinikuta tu njiani tukivuka laga: ile mashine mpya mliyokuwa mkiisema, mliinunua? Jibu fupi ni hapana. Jibu refu ndilo hili, na limenigharimu usiku kadhaa bila usingizi na maneno niliyomwambia mama yangu ambayo mpaka leo nayaonea haya.

Kwa ambao hamtujui, sisi ni wanne hapa Kakuma. Tunapiga video za harusi, za kwaya, za semina za mashirika, na mimi nachora animesheni. Tulianza na laptopu moja ya mtumba yenye ufa kwenye skrini. Yaya, yaani dada yangu mkubwa, ndiye mweka hazina wetu, na kwa miaka mitatu amekuwa akikata sehemu ya kila malipo kabla hatujayagusa. Mwezi wa nane alituita akasema kuna shilingi 318,000. Nikamwambia arudie.

Mimi nilikuwa najua tayari za kununua nini. Mashine ya mezani mpya kabisa, iko kwenye boksi lake: prosesa ya Ryzen 9 yenye koa 16, RAM ya GB 64, kadi ya grafiki RTX 5080. Muuzaji mmoja wa Nairobi alinitumia bei, 455,000, na hapo skrini haimo. Pengo tungekopa kwenye kikundi cha akiba. Niliihifadhi ile picha kwenye simu, nikawa naifungua usiku kama mtu anayeangalia picha ya mchumba.

Lakini msidhani ni tamaa tu. Mwezi wa tano tulipata kazi ya animesheni ya dakika tatu kuhusu kunawa mikono. Malipo 140,000, kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Nikasema ndiyo, wiki tatu nitakuwa nimemaliza. Kuchora hakukunishinda. Kilichonishinda ni kurenda, yaani pale unapoiachia kompyuta ikokotoe kila picha moja moja, mwanga wake na vivuli vyake, mpaka iwe filamu. Dakika tatu, kwa fremu 24 kila sekunde, ni fremu 4,320. Laptopu yetu haina kadi ya grafiki ya maana, fremu moja ilikula dakika 11. Pigeni hesabu wenyewe: saa 792. Siku 33, mchana na usiku, umeme usikatike hata mara moja. Mimi sikupiga hesabu hiyo kabla ya kusema ndiyo. Wiki ya nne mteja akaenda kwa watu wengine, na kwa kweli simlaumu.

Kwa hiyo niliposema tunahitaji mashine, nilikuwa na ushahidi. Rafiki mmoja wa Nairobi aliifungua faili yangu kwenye mashine ya aina ile niliyokuwa naitaka. Fremu moja, sekunde 15. Filamu nzima saa 18. Niliwaonyesha wenzangu namba hizo nikadhani mjadala umekwisha.

Yaya alisoma, akakunja karatasi, akasema, "Sawa. Sasa niandikie wiki tatu, kila siku, saa zetu zinapotelea wapi. Zote. Si za animesheni peke yake."

Nikaandika, nikijua daftari litanitetea. Likanisaliti. Katika wiki tatu hizo tulipoteza saa 41 kwa kukosa umeme. Tulipoteza saa 17 tukipakia faili kwa intaneti ya bando, ambayo ikifika asilimia 90 hukatika na kuanza upya. Kurenda video zote za harusi na kwaya: saa sita tu. Na hata hizo nyingine ni uzembe wangu, maana ukitengeneza nakala ndogo nyepesi za video zako ukahariri hizo, halafu mwisho kabisa ukarudisha zile kubwa, laptopu ya kawaida inatosha. Mwenzetu wa Burundi alikuwa ananiambia hivyo tangu mwaka juzi. Basi, kwa kazi inayotulisha kila wiki, mashine ya nusu milioni isingetuongezea hata harusi moja.

Ikabaki animesheni. Hapo ndipo nikaenda kwa mwenye jenereta.

Wanaoishi hapa mnajua utaratibu. Mtaa wetu jenereta inawashwa saa nne asubuhi mpaka saa nane, halafu saa kumi na mbili jioni mpaka saa sita usiku. Unalipa kwa mwezi kulingana na vitu ulivyochomeka, taa bei yake, televisheni bei yake, friji bei yake. Nilimweleza: prosesa inaweza kufika wati 170, kadi wati 360, ukijumlisha na mengine yote ni kama 650. Mzee yule hakusoma kompyuta popote lakini wati anazijua kuliko mimi. Aliangalia waya unaokuja kwetu, akauliza, "Kijana, unataka kufungua kiwanda?" Akaniambia nitalipa mara tatu, na siku waya utakapoungua nitakuwa mimi ndiye niliyeunguza.

Nikasema basi betri. Betri mbili za volti 12 na Ah 200 kwa pamoja zinabeba wati-saa 4,800, lakini betri za risasi usizishushe chini ya nusu, zitakufa mapema. Zinabaki 2,400. Gawanya kwa 650: saa tatu na nusu na kidogo, na hapo sijatoa kinachopotea ndani ya inveta. Halafu kuna joto. Mchana chini ya bati zetu hata mtu anatafuta pa kukimbilia, sembuse kitu kinachotoa joto lake chenyewe na kuvuta vumbi la Turkana kwa feni tano. Na garantii ya mwaka mmoja ambayo muuzaji alikuwa anaisifia? Ni ya kurudisha dukani. Nairobi. Mimi kutoka hapa mpaka niombe kibali cha kusafiri, na kibali hakitolewi kwa sababu kompyuta imegoma kuwaka.

Najua mmoja wenu ataniuliza kwa nini nisitumie mashine za watu wengine kwa intaneti. Nilijaribu SheepIt, ile ambayo watu wanarendeana bure kazi za Blender na kulipana kwa pointi. Ni kitu kizuri, nawaheshimu. Lakini faili inatakiwa kupanda kwanza, na picha 4,320 zinatakiwa kushuka, na bando letu nimeshawaambia linavyofanya.

Haya yote ningeweza kuyavumilia. Mtu akitaka kitu atatafuta njia. Kilichonishika ni mama.

Familia yetu ilikuwa na kesi ya kwenda Marekani. Mahojiano tulimaliza, vipimo vya afya tukafanya mwaka 2024, tukaambiwa tusubiri tarehe. Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Hadithi hii wengi wenu ni yenu pia, sina haja ya kuirefusha. Ila sijui kama kwenu ilikuwa kama kwetu: kwa miaka yote ile ya kusubiri hatukununua kitu kizito. Kitanda kizuri hapana, tunaondoka. Kabati hapana. Hata sufuria kubwa mama alikataa. Kila kitu tulikipima kwa mkono, je, kinabebeka? Laptopu niliipenda kwa sababu hiyo pia, ingawa sikuwahi kujiambia. Tulivyotoka Uvira nilikuwa na miaka kumi na moja, na mgongoni nilibeba mdogo wangu. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu kitu kisichobebeka hakijaingia.

Mama ana valizi chini ya kitanda. Imefungwa. Nguo zilizomo ndani yake hazijavaliwa.

Jioni moja alinikuta napima ukuta kwa kamba ili nijue meza itakaa wapi. Akauliza ni ya nini. Nikamwonyesha picha kwenye simu, nikamweleza, ina kilo kama kumi na tano, labda ishirini na skrini. Akaiangalia muda mrefu.

"Papa, hii kitu ya buzito hivi, mutaipandisha mu ndege namna gani?"

Nikamjibu, "Mama, ndege haiko."

Nilisema haraka, kama unavyomjibu mtu anayekuuliza kama chumvi ipo. Hakunijibu. Akatoka nje akakaa kwenye kile kiti chake cha plastiki mpaka giza likaingia, na ile siku chakula tulikula bila kuongea. Mgao ulikuwa umeshapunguzwa, chakula chenyewe kilikuwa kidogo, tukamaliza haraka.

Usiku huo ndio nilielewa kwamba mimi na yeye tulikuwa na ugonjwa mmoja. Yeye hakutaka kitu kizito kwa sababu bado anasubiri. Mimi nilitaka kilicho kizito kuliko vyote, na cha bei ya juu kuliko vyote, ili nimwonyeshe mtu, sijui nani, kwamba sisubiri tena. Ile RTX 5080 ilikuwa hasira yangu. Ndiyo maana nilikuwa siwezi kuzungumza juu ya mashine ya bei ndogo bila kukasirika, kila Yaya alipoitaja niliona kama ananiambia, ridhika, wewe ni mkimbizi.

Kumbe Yaya alikuwa ameshauliza bei. Kuna HP Z440, mashine za ofisini zilizotoka mwaka 2014, zinaletwa zikiwa zimetumika, chuma kweli kweli. Moja yenye RAM ya GB 32 ni 48,000. Kadi ya RTX 3060 iliyotumika, yenye GB 12 zake, 37,000. Jumla 85,000. Tulimwomba yule rafiki wa Nairobi aijaribu na faili ileile kabla hatujatuma hela. Hili nawaomba msiliruke, mtumba hununuliwi kwa picha. Fremu moja: sekunde 45. Filamu nzima saa 54. Ni mara tatu ya ile mpya, ndiyo, lakini kwa bei isiyofika robo ya bei yake, na ikirenda inakula kama wati 300. Betri zilezile mbili zinaipa karibu saa nane.

Tukanunua. Betri mbili 60,000, inveta 25,000, basi na mizigo 6,000. Salio 142,000 lipo kwa Yaya, na amekataa kusema litafanya nini. Mimi nasema sola. Mwenzetu wa Sudan Kusini anasema kamera. Tutagombana tena, mtasikia.

Sitawadanganya kwamba iliyokuja imefuta ile niliyoikosa. Picha bado iko kwenye simu yangu. Tukipata kazi tatu za animesheni mfululizo, na umeme wa maana, nitairudisha hoja yangu mezani, na safari hii nitakuja na daftari.

Kwa sasa mashine inarenda ile filamu ya kunawa mikono, ileile iliyotutoroka. Hakuna anayetulipa. Tunaitaka iwe sampuli ya kuonyesha watu. Fremu zinahifadhiwa moja moja, kwa hiyo umeme ukikatika unaendelea ulipoishia, hupotezi kitu. Naandika haya kwa simu nikiwa nimekaa pembeni yake. Iko fremu ya 3,106. Mama ameifunika kitenge chake juu kwa ajili ya vumbi, nami nakivuta kidogo kila akitoka ili feni zipumue, naye akirudi anakirudisha.

Sasa hivi ameingia, akainama mbele ya skrini. Tangu jioni pale yuko mtoto mmoja, mikono ina povu, bomba linatiririka.

"Huyu mtoto," ameniuliza, "hamalizi kunawa?"

Nimemwambia kesho asubuhi atakuwa amemaliza.