Injini ya Hiace kwenye Land Rover ya baba mdogo

Baba mdogo alinipigia kutoka Bariadi saa tano za usiku, muda ambao kwa desturi yake yuko usingizi wa pili. Hakuuliza watoto wala baridi ya huku. "Injini imekata roho," akasema. Nikampa pole kama ya msiba, kisha, kwa kiherehere cha mtu anayeishi Coventry, nikamwambia asiruhusu fundi yeyote aguse gari. Dawa nitaitafuta huku huku lilikozaliwa.

Gari ni Land Rover 109, Series III, dizeli ya lita 2.25. Alilinunua mnadani enzi Bariadi ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, miaka mingi kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012. Hiyo 109 ni inchi, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Lilitoka kiwandani na nguvu za farasi 62 hivi, na sidhani kama arobaini zilikuwa zimebaki. Likipakia dengu kutoka Nkololo, wenye baiskeli walikuwa wanalipita na kutusalimia kwa majina.

Kutoka kwangu hadi Solihull, kwenye kiwanda cha Land Rover, ni kama nusu saa. Ndiko Defender ya mwisho ya mtindo wa zamani ilikotoka, tarehe 29 Januari 2016. Upande huu Land Rover kuukuu ni kama ng'ombe wa mahari: inahesabiwa, inasuguliwa, inatambiwa. Jamaa ninayefanya naye zamu ya usiku anayo moja fupi, 88, na Jumamosi moja alinipeleka kwenye karakana shambani walikokuwa wanaitoa ile ile injini ya 2.25 na kuweka 200Tdi iliyong'olewa kwenye Discovery. Hizo ni za ukoo mmoja, kwa hiyo matundu ya bolti karibu yote yanalingana na giaboksi ya zamani. Difu nazo wakabadilisha, wakatoa za uwiano wa 4.7 na kuweka za 3.54, ili gari likimbie barabara kuu bila injini kupiga kelele za kuomba msaada. Kila kifaa kilikuja kwenye mfuko wake, na karatasi yenye picha.

Wenye fedha zaidi wanakwenda mbali kuliko hapo. Mwaka 2018 kampuni yenyewe ilitangaza Defender zisizozidi 150, zilizosukwa upya kwa V8 ya lita 5 na nguvu za farasi 405. Wengine wanang'oa injini kabisa na kuweka mota ya umeme na betri, na hilo si la Ulaya peke yake: Nairobi kampuni ya Roam, zamani ikiitwa Opibus, imewahi kuyageuza magari ya watalii kuwa ya umeme.

Basi nikampigia baba mdogo na habari njema. Nitakutumia 200Tdi kwenye kontena, nikamwambia, na difu za 3.54 juu yake.

"Difu za nini?"

"Za kukimbia, baba."

"Nikimbilie wapi?"

Nilikuwa nimesahau mbuga. Si mbuga ya wanyama. Kwa Kisukuma mbuga ni ule udongo mweusi wa bondeni, unaopasuka kiangazi hadi mguu wa mbuzi unazama, na ukipata mvua unakuwa gundi. Hapo gari linataka kutambaa kwa nguvu na taratibu, na 4.7 ndiyo inayotambaa. Difu zilizomfurahisha jamaa yangu barabarani zingemwacha baba mdogo akilala shambani na dengu zake.

Hata injini yangu aliikataa, na safari hii aliyenijibu ni fundi wake, akiwa ameshika simu kwa bega. Akauliza: nozeli zake zinauzwa wapi? Nikasema labda Arusha, ambako Land Rover zina wenyewe. Gasketi je? Arusha. Mkanda wa taimingi? Akacheka kabla sijajibu. Yeye alishachagua: 3L ya Toyota, dizeli ya lita 2.8 isiyo na tabo wala kompyuta, karibu farasi 90. Ndiyo iliyomo kwenye Hiace nyingi za zamani. "Kila Hiace inayopita Lamadi kwenda Mwanza," akaniambia, "ni stoo yangu inayotembea."

Hakukuwa na mfuko wala picha. Bamba la chuma la kuunganisha injini ya Toyota na giaboksi ya Land Rover lilichongwa Mwanza, na fundi mkerezaji akakereza bushi ya shaba ya kushika ncha ya shafti ya giaboksi katikati ya flaiwili. Hapo ndipo penye roho ya kazi yote. Shafti ikikaa upande hata kwa unene wa ukucha, klachi inakwisha mapema na beringi zinafuata. Bushi ilikerezwa mara tatu. Sampu nayo iligonga ekseli ya mbele, ikakatwa na kuchomelewa upya.

Nilimuuliza fundi wake kuhusu hafu shafti za zamani, kwamba hazitastahimili farasi wapya. Huku tunaweka ngumu zaidi. Fundi akasema anajua zitakatika, na heri zikatike hizo kuliko difu; ya akiba iko nyuma ya kiti. Nimejaribu kulipinga jibu hilo, nimeshindwa.

Makaratasi nayo yana mantiki yake kila upande. Kwa miaka mingi mamlaka ya magari ya Uingereza, DVLA, ilipima gari lililofumuliwa kwa pointi: chesisi ya asili 5, springi 2, ekseli 2, giaboksi 2, usukani 2, injini 1. Ulipofikisha 8 ulibaki na namba yako. Kwao injini ni mpangaji tu. Kadi ya Tanzania inaandika namba ya chesisi na ya injini pia, kwa hiyo mpangaji akihama lazima uripoti. Baba mdogo aliripoti. Zile safari zake za kuripoti ameniomba nisizisimulie.

Pahali pamoja tu nilikataa kunyamaza: breki. Walikuwa wameongeza karibu nusu ya nguvu na kuziacha dramu za zamani, zisizo na busta, na wote wawili waliona ni sawa kwa kuwa "hatukimbii". Lami ya kutoka Maswa hadi Lamadi itawafanya wakimbie, nikasema. Tulinuniana wiki mbili. Aliyetupatanisha ni altaneta ya Hiace, maana nyuma yake imebeba pampu ndogo ya kufyonza hewa, ambayo ndiyo chakula cha busta. Ilikuwa inazunguka bure. Fundi akafunga busta, na ya kwake nayo ni ya Hiace.

Nilikwenda likizo nikaliendesha mwenyewe kuelekea Lamadi, alfajiri, giza bado. Linasimama vizuri. Karibu na Dutwa niliona watu wawili wamesogea ukingoni mwa barabara na magunia yao, mkono mmoja juu. Walikuwa wamesikia mlio kabla ya kuona taa. Walipoliona gari wakashangaa, halafu mmoja wao, mama, akauliza kama konda ni mimi. Baba mdogo akamfungulia mlango wa nyuma na kumtajia nauli.